Mtani Aliyeitwa Ndugu

Kasiani Nandonde alihama Temeke tarehe 9 Desemba 1966, siku ya maadhimisho ya miaka mitano ya Uhuru. Aliichagua siku hiyo kwa sababu majirani wengi wangekuwa wamekwenda kwenye sherehe. Alitaka kitanda, meza, sanduku la bati na baiskeli yake vipite mtaani juu ya mkokoteni bila mtu wa kuuliza vinapelekwa wapi, na hasa bila mtu wa kumwita kwa jina alilokuwa amepewa mwezi Julai mwaka ule.

Mpango ulifanikiwa kwa kila kitu isipokuwa mama yake. Bibi Anjelina, mjane wa miezi mitano, alikaa kibarazani akinusa ugoro wake na kutazama mkokoteni ukipakiwa. Alikuwa mwanamke wa Newala wa zamani, mwenye chale mashavuni na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu. Mwanawe alimwambia kwamba Kinondoni kuna chumba chake kimeshapakwa chokaa. Akamwambia tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba vyombo vyake vinaweza kurudiwa kesho.

"Nenda wewe unayekimbia," mama akamjibu. "Mie nimemkosea nani?"

Mkokoteni uliondoka bila yeye. Bibi Anjelina alibaki katika chumba kile kile kwa miaka minane iliyofuata, na kila Jumapili baada ya misa Kasiani alilazimika kurudi kwenye nyumba aliyoikimbia.

Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Temeke: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani. Bibi Anjelina na mumewe, Mzee Leonardi, walipanga chumba cha mbele. Kilichofuata kilikuwa cha Kasiani na mkewe wa kwanza, Anastasia. Cha mwisho upande huo alikaa Nassibu Kalembo, fundi baiskeli, Myao wa Tunduru, mwembamba, asiye na mke wakati ule, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye paa. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha mwisho alimpa pole.

Wayao na Wamakonde ni watani wa tangu zamani, na Nassibu aliuchukulia utani kama kazi ya pili. Bibi Anjelina alimwita bibi harusi wake, akamwuliza kila asubuhi lini ataling'oa lile gogo mdomoni ili wapate kufunga ndoa. Mzee Leonardi alimwambia kuwa anaficha panya wa kuchoma chini ya kitanda na hataki kugawa. Wazee wale walimjibu kwamba Wayao walizunguka nchi nzima na misafara wakabeba kila kitu isipokuwa akili. Mambo yaliendelea hivyo uani, juu ya ndoo za maji na majiko ya mkaa, na hakuna aliyemwonea mwenzake vibaya. Hiyo ndiyo kanuni. Mtani anaweza kuchukua kofia kichwani mwako akaivaa, anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye anayeonekana hakulelewa.

Kwenye msiba kanuni hiyo inapanda daraja. Watani huigiza sauti ya marehemu, hutangaza siri za nyumba, huzuia jeneza lisipite mpaka wapewe kitu. Wafiwa hucheka huku wanalia. Msiba usio na mtani, kwa watu wa kusini waliokulia kwenye mila hiyo, ni kama umefanyika kwa wageni.

Mzee Leonardi alifariki Julai 1966. Siku ya mazishi, watu wamejaa ukumbini na jeneza liko tayari kutoka, Nassibu alijitanda kanga, akaingia chumbani kwa Kasiani na kukaza mlango. Kisha akaanza kusema kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mlevi aliyeegemea mlango.

"Nifungulie, Ana. Nifungulie bwana, mbu wananiua."

Ya pili ilikuwa ya mwanamke asiye na haraka.

"Waache wanywe. Watalewa wenyewe."

"Nifungulie, Ana. Nimekuletea mshikaki."

"Uko wapi?"

"Nimeula njiani."

Hakuna neno alilotunga. Yote yalikuwa yamesemwa kwenye ukumbi ule, siku chache kabla Mzee Leonardi hajaugua, na yote yalipita juu ya ukuta. Wanaume walijishika mbavu. Bibi Anjelina, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alicheka mpaka akalazimika kushikilia ndonya isidondoke, na hapo ndipo machozi yake ya kwanza yalipotoka. Anastasia alijifunika uso kwa mtandio. Kasiani alitabasamu kama inavyotakiwa, akatoa kuku kama inavyotakiwa, jeneza likapita.

Kufikia wiki iliyofuata jina lake lilikuwa Nifungulie.

Mwezi Oktoba Anastasia alirudi kwao Masasi na hakurejea. Bibi Anjelina alimwambia mwanawe, mara ya kwanza kwa upole na baadaye kwa kuchoka, kwamba Anastasia alikuwa ameshamweleza nia ya kuondoka kabla ya msiba. Kwamba sababu ilikuwa pombe, na hata Nassibu angekuwa bubu mwanamke yule angeondoka. Kasiani hakusikia. Alikuwa na maelezo yake: mkewe alichekwa mbele ya kaya nzima, na mwanamke aliyechekwa hakai. Myao amenivunjia nyumba, alijisemea, na sentensi hiyo aliendelea kuwa nayo.

Angeweza kugombana na Nassibu kwa jambo lolote duniani isipokuwa hilo. Hakukuwa na mzee wa kumpelekea shauri. Angesema nini? Mtani wangu amenitania?

Kasiani ni fundi rangi kwenye karakana ya mabasi. Ana miaka arobaini na mmoja, pombe aliiacha mwaka aliohamia Kinondoni, na kazini anaheshimika kwa mistari iliyonyooka. Wenzake wanamjua kwa jambo moja zaidi: hakai. Wakati wa chai hunywa akitembea. Kanisani husimama nyuma karibu na mlango. Mkewe wa sasa, Margareta, aliyemwoa mwaka 1968, anasema kwamba hajawahi kumwona akimaliza sahani ya chakula kwenye kiti alichoanzia.

Alikuwa amehama ili alisahau jina lile, na Kinondoni kweli hakuna aliyelijua. Lakini ni neno la kila siku. Mtoto wa jirani akirudi kutoka chuoni hupiga mlango na kusema nifungulie. Margareta mwenyewe, mikono imejaa ndoo, alisema nifungulie wiki ya kwanza ya ndoa yao, akashangaa kumwona mumewe amegeuka kama aliyepigwa jiwe. Aliuliza. Hakuambiwa. Baada ya hapo Kasiani aliutoa mlango wao komeo, na mchana kutwa ukawa wazi.

Kwa Nassibu alitafuta adhabu ambayo kanuni za utani hazikuwa na jibu lake, na akaipata. Alimheshimu.

Ilianza mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha watu walianza kuitana ndugu, ofisini, kwenye mikutano, hata dukani, na Kasiani alilipokea neno hilo kwa moyo kuliko mwanachama yeyote wa TANU tawini kwake. Jumapili moja aliingia uani Temeke akamkuta Nassibu ameinamisha baiskeli ya mtu, magurudumu juu.

"Hee, mla panya kaingia!" Nassibu akapiga kelele. "Ficheni mapaka, huyu hachagui! Nifungulie, umetuletea nini leo, mkia?"

Kasiani alisimama wima.

"Habari za asubuhi, Ndugu Nassibu."

"Ndugu wa nani? Mie na wewe tumezaliwa wapi pamoja?"

"Natumai kazi inakwenda vizuri, Ndugu Nassibu. Naomba nipite."

Akapita. Nassibu alibaki ameshika bisibisi, akacheka peke yake kidogo, kisha akaacha. Ukimwambia mtani wako naomba nipite, umemwambia kwamba humjui.

Bibi Anjelina alikuwa ameyasikia yote. "Unamwamkia mtani wako kama karani wa posta?" alimuuliza mwanawe kabla hajakaa, na kwa kuwa huwa hakai, swali lilimfuata akizunguka chumbani. "Alikuoshea baba yako huyo. Alimshika kichwa."

"Nimemkosea adabu, mama?"

"Ndiyo hiyo adabu ninayoisema."

Jumapili zilipita. Nassibu alijaribu kila silaha aliyokuwa nayo. Alichukua kofia ya Kasiani akaivaa siku nzima. Kasiani akarudi Kinondoni kichwa wazi, na Jumapili iliyofuata akamshukuru kwa kuitunza. Alimwita mtoto wa gogo, akamwita Mmakonde asiyejua kuchonga hata mwiko, akamwambia mabasi anayoyapaka rangi yanaharibika kwa aibu. Alijibiwa kwa habari za asubuhi. Alioa, akapata mapacha. Kasiani alileta kanga doti mbili na pongezi kwa Ndugu Nassibu na familia. Halafu Jumapili moja, mwaka 1970, Kasiani alitoa salamu yake ya kawaida na jibu likaja kwa sauti ya kawaida.

"Nzuri, Ndugu Kasiani. Za huko Kinondoni?"

Kasiani anakumbuka kwamba siku ile alijiona mshindi. Anakumbuka pia kwamba njiani kurudi alishuka kwenye basi kabla ya kituo chake, akatembea, akafika nyumbani, akatoka tena, akaenda hadi Magomeni bila kuwa na shughuli yoyote Magomeni.

Kuanzia hapo wanaume wawili walipeana salamu za kikarani kwa miaka mitano. Waliokuja kupanga baadaye kwenye nyumba ile hawakujua kama ni watani.

Januari mwaka huu Bibi Anjelina alianza kuvimba miguu. Hakutaka kupelekwa Kinondoni, hakutaka pia habari ya hospitali baada ya mara ya kwanza. Jumapili moja alimwambia Kasiani afunge mlango, kisha, kwa kuwa mlango uliofungwa haukusaidia kitu kwenye nyumba ile, akasema kwa sauti yake ile ile.

"Nikifa nizikwe na utani. Msinizike kimya kama mzungu. Nassibu alale kwenye kaburi langu, anisumbue, akatae kutoka. Nimemwandalia matusi yake tangu ujana wangu, yatakwenda bure?"

"Watani ni wengi, mama. Kuna akina Mataka kule Mtoni."

"Nyumba hii mtani wake ni mmoja. Wengine watamwangalia yeye. Akikaa kimya, nao watakaa kimya." Alipumzika. "Na mtani hasemi kwa mtu aliyemfunga mdomo. Ulimfunga wewe, utamfungua wewe."

Kasiani alisema amesikia. Nyuma ya ukuta wa pili, baiskeli iliyokuwa ikigongwa ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea kugongwa.

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Februari, asubuhi. Mazishi yalipangwa Jumamosi, saa nane, makaburi ya Kinondoni. Tangu alfajiri ya Jumamosi uani palijaa. Wanawake walisonga ugali wa yanga, unga ule wa njano ambao kila nyumba mjini inaulalamikia, wakaulalamikia na wao. Nassibu alitoka chumbani mwake amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia safi. Alikwenda moja kwa moja kwa mfiwa, akampa mkono.

"Pole sana, Ndugu Kasiani. Kazi ya Mungu."

"Ahsante, Ndugu Nassibu."

Akaketi kwenye jamvi pamoja na wanaume wengine, miguu ameikunja, macho chini. Wayao wa Mtoni walikuja baada yake, watu wanne, wakamtazama, wakaketi vile vile. Palikuwa na adabu tupu.

Kasiani alihamisha mabenchi kutoka ukutani kwenda kivulini, halafu akayarudisha ukutani. Alikwenda kuangalia sufuria. Alikwenda barabarani kutazama lori ambalo lilikuwa limeshafika. Kila alipopita mbele ya wanawake aliwasikia wakinong'ona, na walichonong'ona hakikuwa siri: watani wamefanya nini, mbona wamekaa kama mahakamani? Bibi mmoja, mtu wa Newala kama marehemu, alisema waziwazi kwamba Anjelina anazikwa kama aliyeokotwa.

Margareta alimvuta mumewe nyuma ya jiko. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshahadithiwa kisa chote na mkwewe.

"Nenda ukamchokoze."

"Nimchokoze vipi? Nimesahau."

"Mtusi. Mtusi chochote. Mwambie ana masikio kama pedali."

"Mbele ya watu?"

"Kwani mlipotukanana zamani mlijifungia ndani? Nenda, baba. Saa zinakwenda."

Kasiani alikwenda. Alisimama mbele ya jamvi, akabadilisha mguu, akabadilisha tena. Wanaume walinyamaza, kwa kuwa mfiwa akisimama hivyo huwa ana tangazo. Alikuwa na lile la masikio na pedali tayari mdomoni. Anasema mpaka leo hajui lilikwenda wapi.

"Wewe Myao," akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Wewe Myao uliyenivunjia nyumba yangu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliweka kikombe chini. Nassibu aliinua macho polepole, na alipojibu hakupandisha sauti.

"Hilo si tusi, Ndugu Kasiani. Hilo ni kesi. Kesi zinapelekwa barazani."

Akainuka, akakung'uta kanzu, akavaa viatu, akatoka nje kupitia ukumbini. Aliyekuwa karibu na mlango alimwona akiishika njia ya kituo cha basi.

Kasiani alibaki amesimama mbele ya watu, na aibu ya mwaka 1966 ikawa na ya pili yake. Ile ya kwanza alipewa na mtu mwingine. Hii aliileta kwa miguu yake, siku ya kumzika mama yake, na alichoombwa na mama yake ni jambo moja tu. Margareta alitazama pembeni. Katekista aliuliza kama waendelee. Wakaendelea. Jeneza lilitoka nyumbani bila mtu wa kulizuia. Waliobeba walipita mlangoni kwa urahisi sana, na urahisi huo kila mtu aliuona.

Kwenye lori kutoka Temeke hadi Kinondoni Kasiani alisimama njia nzima, ingawa nafasi ya kukaa ilikuwepo. Alishika ubao wa pembeni, akauachia, akashika kona ya jeneza. Bibi wa Newala alianzisha wimbo wa kanisa na wenzake wakamfuata, lakini hata wimbo ulikuwa wa kawaida.

Makaburini waliona kwanza wachimbaji, wamekaa juu ya kifusi mbali kidogo na shimo, majembe mapajani, wanacheka. Katekista aliharakisha mbele kuwauliza kinachochekesha. Alifika ukingoni, akatazama chini, akarudi nyuma hatua moja.

Ndani ya kaburi Nassibu Kalembo alikuwa amelala chali. Kanzu ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kifusi, kofia juu yake. Alikuwa amejitanda kanga ya marehemu, ile ya bluu aliyoivaa kwenda kanisani, na katikati ya mdomo wa juu na pua alikuwa amebana kijiti kikubwa. Mikono aliiweka kifuani. Alipoona vichwa vimejitokeza juu, alivuta ugoro wa uongo, akapiga chafya ndefu yenye milio mitatu. Ilikuwa chafya ya Bibi Anjelina, kamili, na wanawake wa Temeke walipiga kelele kwa kuitambua.

"Nani huyo anayenikanyagia sakafu?" akauliza, kwa sauti ya marehemu. "Nimepanga hapa. Kodi nimeshalipa. Wapangaji wengine watafute kwingine."

"Toka, bwana, tuna ibada," katekista akasema.

"Huyu naye nani? Mwambieni avue viatu."

Vicheko vilianza upande wa Wayao wa Mtoni, vikasambaa. Mmoja wao akajilaza ukingoni kuzuia njia, mwingine akaliegemea jeneza akisema limepasuka lirudishwe kwa fundi. Msiba ukawa msiba. Kasiani peke yake alikuwa amesimama bila kujua aiweke wapi mikono.

"Tukupe nini utoke?" akauliza mzee mmoja. "Kuku?"

"Kuku nilishakula mwaka sitini na sita, alikuwa kakonda kama aliyemtoa." Kijiti kilicheza juu ya mdomo. "Mie mama mtu mzima. Chumba changu hakiingiwi ovyo. Namtaka mwanangu apige hodi."

Watu walimpisha Kasiani mpaka akawa hana mtu mbele yake. Alipiga magoti kwenye udongo mwekundu uliochimbwa. Aligonga ubao wa jeneza kwa vidole, mara mbili.

"Hodi."

"Nani?"

"Kasiani."

"Hodi gani ya kikarani hiyo? Unaleta barua ya serikali? Sema lile neno lako, nikujue."

Pale palikuwa na watu wa Temeke waliolijua neno, na watu wa Kinondoni, majirani zake wa miaka minane, ambao hawakulijua. Kulikuwa na wenzake watatu wa karakana. Kasiani aliangalia nyuma kama anayetafuta mlango. Margareta, aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko wote, hakucheka. Alimfanyia ishara ya kidevu, sema.

"Nifungulie," akasema.

"Sisikii! Panya uliyemla asubuhi anasikika zaidi!"

"Nifungulie."

"Kuna nini huko nje?"

Kasiani alivuta pumzi. Ilikuwa saa tisa kasoro, jua kali, hakuna mdudu hata mmoja.

"Nifungulie, mama!" akapiga kelele. "Nifungulie, mbu wananiua!"

Walicheka waliojua, kisha wakacheka wasiojua kwa kuwaona wale wanacheka. Bibi wa Newala aliketi chini kabisa. Kasiani alicheka pia, na katikati ya kicheko pumzi ikamkatikia, akaweka paji la uso juu ya ubao wa jeneza na kulia kwa sauti, jambo ambalo tangu Ijumaa hakuwa amelifanya. Nassibu alingoja. Alipojibu bado ilikuwa sauti ya marehemu, lakini alikuwa ameondoa kijiti mdomoni.

"Sikufungulii, mwanangu. Wewe bado. Kaa huko huko nje kwanza."

Akanyoosha mkono juu kutoka shimoni. Kasiani aliinuka, akaushika, akaweka kisigino ukingoni na kuvuta. Fundi baiskeli alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Alipofika nusu, kanga ya bluu ikiwa imemdondokea shingoni, Kasiani alisita kuvuta.

"Toka upesi, Myao mchafu," akamwambia. "Unamjazia mama yangu kunguni."

Lilikuwa tusi la wastani. Watu wa Temeke walilishangilia kama bao.

Ibada ilifuata, na Bibi Anjelina akazikwa kabla ya saa kumi. Wakati wa kurudi Temeke wanaume hao wawili walikaa pamoja nyuma ya lori, miguu ikining'inia. Kasiani alikaa. Mwenzake wa karakana aliyekuwa karibu nao alisikia mazungumzo yao, na hayakuwa marefu.

"Uliondoka nikajua umekwenda moja kwa moja," Kasiani alisema.

"Nilikwenda kupanda basi. Kwa miguu ningefika? Na kanga nilishaichukua kambani tangu jana, nilikuwa nangoja uniite tu."

"Sikukuita. Nilikushtaki."

"Basi nilikuwa nimechoka kungoja." Nassibu alifuta udongo sikioni. "Ile ya mzee wako, ile ya mlangoni. Nilizidisha?"

Kasiani alifikiri kutoka kona ya Keko mpaka karibu na Chang'ombe.

"Ulizidisha."

"Haya."

Hawakuongeza. Kuhusu Anastasia, Kasiani hasemi kwamba amekosea miaka yote hiyo. Anasema tu kwamba mama yake alimwambia, na kwamba siku hizi analikumbuka alilomwambia. Jumatatu asubuhi mmoja wa wale watatu wa karakana alimwita Nifungulie mbele ya mafundi wote, na mafundi wote wakataka kujua kwa nini. Kasiani aliwahadithia mwenyewe, brashi mkononi, mpaka lile la mshikaki. Margareta amerudisha komeo mlangoni. Chai bado anakunywa akitembea.

Arobaini ya Bibi Anjelina imesogezwa ili isiangukie Juma Kuu, na itafanyika Temeke Jumamosi tarehe 5 Aprili. Nassibu ametangaza kwamba atakuja na mkewe, mapacha na Wayao wote wa Mtoni, na hataleta hata fungu la mchicha. Baada ya hapo chumba kitarudishwa kwa mwenye nyumba. Kwa sasa kimefungwa, na ufunguo anao Nassibu. Ijumaa tarehe 4, akitoka kazini, Kasiani atapanda basi kwenda kuuomba.